Miche Kumi na Minne ya Ta Venanti

Mwezi uliopita tulimzika Ta Venanti, yaani Bwana Venanti kwa lugha ya kwetu, huko Kamachumu. Nilitoka Bilele, mjini Bukoba, alfajiri na gari la mwanangu, nikawahi misa, nikawahi na hotuba. Walisimama wasemaji saba, na wote saba walisema jambo moja: kwamba marehemu alikuwa mtu wa nia njema, mtu ambaye hakuwahi kumnyima mtu kitu. Nilikuwa benchi la nyuma chini ya turubai, sahani ya ndizi na maharage mapajani, na kila waliposema hivyo nililirudisha tonge sahanini. Sikuwa na la kubisha. Ta Venanti alikuwa na moyo mzuri kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Alikuwa shemeji wa shangazi yangu Leokadia, mdogo wa marehemu mumewe, na mwaka ule ninaotaka kuueleza alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Jirani yangu kwenye benchi aliniona nimeacha kula, akanipapasa bega akidhani ni uchungu wa msiba. Ulikuwa uchungu kweli, ila wa zamani, na sehemu yake kubwa nilijipikia mwenyewe. Nimeamua kuuandika kabla na mimi sijasimamiwa na wasemaji saba.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule ilikuwa imekwisha, majina yalikuwa yametoka na langu halikuwamo, nami nikapelekwa kwa shangazi nikamsaidie kwa muda, maneno ambayo katika familia nyingi maana yake ni mpaka tujue la kufanya na wewe. Ilikuwa ile miaka ya vijiji vya ujamaa. Redio ilituambia kutwa habari za kujitegemea, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioamini kwa moyo wote. Sioni aibu kusema hivyo hata leo. Shangazi alikuwa mjane asiye na mtoto, mwembamba, mwenye kauli fupi. Chumba cha mbele cha nyumba yake, kile kinachotazama barabara ya sokoni, alikuwa amekigeuza hoteli. Meza tatu, mabenchi sita, sakafu iliyotandikwa nyasi mbichi kila Jumamosi, na ukutani picha ya Bikira Maria iliyokuwa imeiva moshi. Alipika ndizi na maharage, ndizi na dagaa, ndizi na nyanya chungu, na samaki siku ambazo magari yalitoka Bukoba mapema. Chai ilikuwa tayari kabla madereva wa malori ya kahawa hawajawasha injini. Haikuchelewa hata siku moja kwa mwaka mzima nilioishi pale. Kulikuwa na hoteli nyingine mbili Kamachumu zenye viti vizuri zaidi, lakini madereva walikuja kwetu.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kibanja. Kwetu kibanja ni shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, na humo humo ndimo wanamozikwa watu wa ukoo. Cha shangazi kiliteremka taratibu kutoka jikoni hadi kwenye makaburi upande wa chini, ambako mumewe Domisiani alilala chini ya msalaba wa saruji, na baada ya hapo palikuwa rweya, nyasi tupu hadi macho yanapochoka. Ndizi zote za hoteli zilitoka humo. Ukoo wa mumewe ulikuwa umemwachia kibanja hicho kwa sharti lililosemwa mbele ya watu: atakaa humo maadamu kibanja kinasimama. Kikimshinda, kitarudi kwa ukoo. Kikao cha kukiangalia kilipangwa baada ya mavuno ya kahawa ya mwaka ule. Niliyajua hayo yote wiki ya kwanza, kwa sababu wateja waliyazungumza wakila, mbele yake, huku wakimwomba awaongezee mchuzi.

Siku ya kwanza kusikia mgomba ukianguka ilikuwa saa nane mchana. Hapakuwa na upepo. Tulikuwa tumekaa chini kwenye mkeka wa jikoni tunamenya ndizi za jioni, mara tukasikia kitu kizito kikilala chini huko shambani, polepole, na majani yakikwaruza majani. Shangazi alisimamisha kisu. Aliinuka, akachukua panga, nami nikamfuata. Ulikuwa mgomba mzuri, mnene, wenye mkungu ambao ungehitaji majuma sita tu kukomaa, na ulikuwa umekatikia chini kabisa, ardhini. Shangazi alilipasua tunguu lake, lile shina nene la ardhini, kwa panga. Ndani, badala ya nyama nyeupe, palikuwa na vijia vyeusi vinavyopishana huku na huku, na katika kijia kimoja buu mnene mweupe akijikunja kwa kuona jua. Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaitazama migomba mingine iliyotuzunguka, mirefu, ya kijani, isiyo na kasoro, na nadhani hapo ndipo aliponiambukiza woga ambao haujanitoka: huo ulioanguka nao ulikuwa hauna kasoro asubuhi ile.

Bwana shamba wetu alikuwa kijana wa Kilutheri aitwaye Simeo, aliyekula kwetu kila Jumanne na Ijumaa na kuongea kila mara kinywa kikiwa kimejaa. Shangazi alimwekea mbele tunguu lile lililooza, karibu na sahani yake.

"Fukusi," alisema Simeo, bila kuacha kula. "Kale kadudu keusi kenye pua ndefu. Mama yake hutaga kwenye shina, watoto wanakula kwenda chini. Ukiuona mgomba unaumwa, ujue umekwisha siku nyingi, Ma Leokadia."

"Dawa yake?"

"Ipo ya serikali, ila haijafika. Lakini ipo nyingine, ya mikono." Akaeleza. Unachukua kigogo cha mgomba uliokwisha kuvunwa, unakikata vipande, unavipasua katikati, unavilaza chini ya migomba, upande wa ndani ukiangalia ardhi. Fukusi hupenda utomvu ule, huja kujificha chini yake. Asubuhi unafunua, unawaokota, unawatia kwenye kopo la maji ya moto. Kipande kikianza kuoza unakitoa na kuweka kingine. "Sasa kazi ni hii, waitu, ndugu zangu: kila asubuhi. Siyo leo na keshokutwa. Kipande ukikisahau, atataga humo humo, na wewe utakuwa umemjengea nyumba." Akanywa maji. "Halafu miche. Huyu mdudu ni mvivu, kuruka hawezi sana, safari ndefu hataki. Anayemsafirisha ni mtu. Mche wowote unaoletwa kutoka nje ya kibanja hiki, menya tunguu lake lote mpaka liwe jeupe, lichovye kwenye maji yanayochemka, ndipo upande. Bila hivyo usiupokee hata ukiletwa na padri."

Nilicheka. Shangazi hakucheka. Alimwongezea ndizi, akarudi jikoni.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na mkutano wa kijiji, kwa maana migomba ilikuwa imeanza kuanguka katika vibanja vingi. Ta Venanti alihutubia. Mtu yule alijua kusema! Alikuwa mkubwa wa mwili, mwenye sauti inayotoka tumboni, na alipotutazama kila mmoja alijiona ndiye anayeambiwa. Alisema adui ameingia nyumbani kwetu na tutamtoa kwa umoja wetu. Alisema Jumamosi kijiji kizima kitatoka, kibanja kwa kibanja, na kuweka mitego kila mahali kwa siku moja. Alisema pia kuwa litafunguliwa shamba la kijiji la migomba, na kila kaya italeta miche, ili mnyonge asiye na migomba naye apate. Tuliimba. Nililia machozi ya furaha, nasema kweli. Nikarudi nyumbani nikachukua daftari la shule lililobaki na kurasa, nikaandika ahadi zangu kumi na moja: nitasaidia shamba la kijiji, nitafundisha akina mama kusoma, nitaokoa kibanja cha shangazi, na nyingine ambazo sasa hata sizikumbuki. Nilimsomea shangazi akiwa anachambua maharage ya kuloweka. Alisikiliza zote hadi mwisho bila kuinua kichwa.

"Nzuri," alisema. "Kesho asubuhi utafanya ipi?"

Nikaanza kuzipitia upya kwa kidole. Kabla sijafika ya tatu akanipa yeye. Safu moja ya migomba, kutoka kwenye mti wa mparachichi hadi makaburini, vipande ishirini vya mtego, kila asubuhi, mara chai ya madereva ikishatoka. Safu nyingine zote atazifanya yeye. Nikaona amenidharau. Mimi nilitaka kuokoa, yeye ananipa vipande ishirini na kopo la maziwa ya unga lililokwisha!

Nilifanya, hata hivyo. Asubuhi ya kwanza niliokota fukusi sitini na kitu, nikaona kinyaa hadi chai ikanishinda. Umande ulikuwa baridi, kanga ililowa hadi magotini, na wale wadudu wakiguswa walijifanya wamekufa. Kuelekea makaburini palikuwa na giza la majani hata jua likiwa limetoka, na niliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ili nijisikie mwenyewe. Baada ya juma nilitaka kuacha. Baada ya majuma matatu nilikuwa nimesahau kwamba nilitaka kuacha. Mikono ilikwenda yenyewe. Sitini wakawa arobaini, wakawa kumi na watano, na asubuhi moja nikafunua vipande vyote ishirini nikapata wawili tu. Nilikimbia hadi jikoni kumwonyesha shangazi kopo. Alichungulia, akasema, "Vipande vya mwisho vimeanza kuoza, vibadilishe," akaniwekea mkononi kipande cha kiazi kitamu kilichotoka jivuni. Kwake hiyo ilikuwa sherehe. Hoteli aliiendesha vivyo hivyo. Sikuwahi kumsikia akisema atafanya biashara iwe kubwa. Nilimsikia akisema maharage yalowekwe sasa.

Na kijiji? Jumamosi ile ya umoja walitoka wote, kwa ngoma na panga, na mitego ikawekwa kila kibanja hadi jioni. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote za mwaka ule. Jumapili ilikuwa misa, Jumatatu walifunua wachache, Jumanne kulikuwa na msiba, na baada ya hapo kila mmoja alikusudia. Nilipokuwa nikipita kwenda kisimani niliviona vile vipande vya mgomba chini ya migomba ya majirani, vimekuwa vyeusi, vimelegea, vinanuka utamu wa kuoza. Hakuna aliyevigusa. Nilikumbuka maneno ya Simeo juu ya kujenga nyumba. Niliwaambia wawili watatu, wakanijibu vizuri kabisa, "Eee, mwana wange, kesho tutavitoa." Miezi miwili baadaye migomba ikaanza kuanguka kwao mchana kweupe, mmoja asubuhi, miwili alasiri, na watu walizoea hata kuacha kugeuza shingo. Hotelini mazungumzo yalibadilika. Wateja walitaja nani kaangukiwa mingapi kwa sauti ya chini, jinsi watu wanavyotaja wagonjwa.

Mvua kubwa zilipoanza, shangazi alikwenda Bukoba kununua sufuria, safari ya siku tatu. Aliniachia hoteli. Siku ya pili ilikuwa ya gulio, meza zimejaa, nami nimelowa jasho, ndipo Ta Venanti alipofika na vijana wanne wa kijiji na mkokoteni. Juu ya mkokoteni kulikuwa na miche kumi na minne ya migomba, mizuri, minene, imetoka kung'olewa katika shamba la kijiji.

"Nimeona mapengo kwa shemeji yangu," alisema kwa furaha. "Sikulala vizuri. Nikasema, hapana, mke wa kaka yangu hawezi kuaibika mbele ya ukoo. Kikao kikija kikute kibanja kimejaa."

Lazima nieleze jambo hapa kwa asiyekuwa wa kwetu. Mche wa mgomba haukataliwi. Haununuliwi, haurudishwi, na aliyeuleta huupanda kwa mkono wake siku hiyo hiyo. Kumkatalia mtu mche ni kumwambia mkono wake una sumu, na watu wameacha kusalimiana miaka kumi kwa neno kama hilo. Lakini nilikuwa nimeambiwa, na nilijua. Nilimwambia Ta Venanti, kwa heshima zote, kwamba tutapokea kwa mikono miwili, ila matunguu yanamenywa kwanza na kuchovywa kwenye maji ya moto. Nikamwomba aniache nibandike sufuria.

Alicheka hadi wateja wakageuka. "Mawe, mama yangu! Mnataka kuipika? Mwanangu, mche ni kiumbe hai, utauua." Wateja nao wakacheka. Mmoja akauliza kama nitaitia na chumvi. Aliniwekea mkono kichwani, ule mkono mkubwa wa baba mwema, na mezani kulikuwa na dereva anayedai chai yake, na mvua ilikuwa inaanza tena. Nikajiambia: acha aipande, nisimwaibishe, kesho gulio limekwisha, nitaing'oa mmoja mmoja, niimenye, niichovye, niirudishe, wala hatajua. Nilikusudia hivyo kwa dhati. Waliipanda yote kumi na minne upande wa chini, ambako mapengo yalikuwa mengi, kuanzia katikati ya safu yangu hadi makaburini. Wakala ndizi, wakaondoka wakiimba.

Kesho yake mvua ilinyesha kutwa. Jioni shangazi alirudi, akapita shambani kabla hata hajaketi, akarudi na tope miguuni.

"Kuna miche."

"Ta Venanti ameleta, Shangazi."

"Mlichovya?"

Mbele ya swali hilo nilikuwa na nafasi, fupi tu, na ninaweza kuiona hadi leo: sufuria mpya sakafuni, maji yanayodondoka kwenye ukingo wa paa, na uso wake umechoka kwa safari. Nilisema, "Ndiyo. Nilimenya na kuchovya yote." Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nakusudia kufanya kesho, na nikaona kwamba kesho ikifika uongo utakuwa kweli. Akasema, "Asante, mwanangu," akavua kitambaa cha kichwani. Hakuwahi kuniambia asante kabla ya siku ile.

Sitaeleza kila kesho. Zilikuwa nyingi. Kulikuwa na kesho ya mvua, na kesho ambayo shangazi alikuwepo, na kesho ya homa yangu, na baadaye miche ilikuwa imeshika mizizi na kutoa majani mapya, mizuri hata nikaanza kujidanganya kuwa labda ilikuwa salama. Niliokota mitego yangu kila asubuhi kwa bidii mara mbili, kana kwamba jambo dogo ninalolifanya linaweza kulipia jambo dogo nisilolifanya. Wawili wakawa watano. Wakawa ishirini. Wakati wa kuvuna kahawa nilifunua kipande kimoja karibu na msalaba wa Domisiani nikakuta wamelala humo wengi, weusi, wanang'aa, na nikawatia kwenye kopo la maji ya moto hadi likajaa. Sikumwonyesha shangazi kopo siku ile. Nilimwaga nyuma ya choo. Siku iliyofuata, alasiri tulivu, tukiwa kwenye mkeka na visu vyetu, tulisikia sauti ile kutoka upande wa chini. Shangazi alisimamisha kisu. Halafu ikaja ya pili.

Nilimwambia pale pale. Sikuweza kuinua macho. Nililiambia ganda la ndizi. Nilipomaliza nilisikia wateja chumba cha mbele wakibishana juu ya gari la Muleba. Nilitamani anipige. Aliinuka, akabandika sufuria kubwa kuliko zote, akachukua jembe. Tulichimbua miche yote kumi na minne siku ile, na migomba sita iliyoota karibu nayo, tukaikatakata, tukaimwagia maji yanayochemka na kuianika kwenye rweya ife kwa jua. Matunguu ya ile miche yalikuwa na vijia vyeusi. Kila alipopasua moja alinionyesha, kisha akapasua jingine.

"Nenda kamwambie," alisema tulipomaliza. "Wewe. Kabla hajaambiwa na watu."

Nilimkuta Ta Venanti kwake anakula na wageni wawili. Aliniketisha, akaamuru niletewe sahani, akanimiminia rubisi, pombe ya ndizi, kwenye kikombe chake mwenyewe. Nilisimulia yote mbele ya wageni: kwamba nilijua, kwamba sikuchovya, kwamba nilidanganya, kwamba shangazi hana kosa. Nililia. Alinisikiliza kwa huruma kubwa, na ilikuwa huruma ya kweli, hilo ndilo linaloniumiza.

"Basi, basi, usilie. Wewe ni mtoto." Akatikisa kichwa, akawageukia wageni. "Mnaona? Miche iliyoshika vizuri, mtu anaichimbua yote. Mwanamke peke yake na shamba kubwa vile, na hoteli juu yake. Shemeji amechoka. Sisi ndio tumekosa kutomwonea huruma."

Nilirudia kusema kuwa matunguu yalikuwa yametobolewa. Alinisogezea samaki.

Kikao cha ukoo kilifanyika majuma matatu baadaye, hotelini kwetu, maana ndiko kulikokuwa na mabenchi. Wazee walitembea kibanja chote kwa fimbo zao. Upande wa juu, safu za shangazi, migomba ilisimama imara kuliko popote Kamachumu, na walisema hivyo. Upande wa chini palikuwa na uwazi mkubwa hadi makaburini, na humo migomba mingine mitatu ilikuwa chini na mikungu yake. Mimi sikuwa wa ukoo ule na sikuwa na kauli. Kazi yangu ilikuwa kupitisha kikapu cha kahawa ya kutafuna. Nilisimama mlangoni na kusikia yote. Mzee mmoja alitaka kibanja chote kirudi. Mwingine alisema mjane afukuzwe kwa kosa gani. Ndipo Ta Venanti akasimama, na moyo wangu ukafurahi, Mungu anisamehe, nikajua atamtetea.

"Tumpunguzie mzigo," alisema kwa sauti ile ya tumboni. "Huyu ni mke wa kaka yangu, ninampenda kama dada. Abaki na upande wa juu, na nyumba, na hoteli yake. Upande wa chini mwanangu Projesti ataushika, yeye ana nguvu. Shemeji apumzike."

Wazee wote waliridhika. Mmoja alipangusa macho. Shangazi alikuwa amekaa sakafuni kwenye nyasi, mikono mapajani. Walimwuliza kama ana neno. Alisema, "Nimesikia, waitu," akainuka kwenda kuangalia chungu.

Asubuhi iliyofuata niliamka mapema kuliko siku zote, nikachukua kopo langu. Nilitaka kumwonyesha kuwa sitakosa tena, siku zote za maisha yangu. Nilimkuta jikoni anajifunga kanga. Nikamwambia naanza na safu yangu.

"Safu ipi?" aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. "Yako imekwenda." Akalichukua kopo mkononi mwangu, akatoka nalo.

Nilikaa pale miezi mitano zaidi. Nilipika, nilimenya, nililoweka maharage saa ile ile kila jioni, na leo duka langu la vitambaa hapa Bilele linafunguliwa saa ambayo watu wanaweza kusahihishia redio. Kopo hakunirudishia. Projesti aliahidi kuweka mitego, akaweka siku moja. Migomba ya upande wake ilianguka yote kabla mwaka haujageuka, na shangazi alichimba mtaro mpakani na kuukagua kila asubuhi hadi uzee ulipomweka kitandani.

Ila ninachokumbuka zaidi ni Jumamosi. Kila Jumamosi, baada ya kutandika nyasi hotelini, alikuwa na desturi ya kwenda kupalilia kaburi la mumewe. Jumamosi ya kwanza baada ya kikao tulishuka wote wawili, yeye mbele, mimi nyuma na jembe dogo. Tulipofika kwenye alama mpya za mpaka alisimama. Kaburi lilikuwa hatua ishirini mbele yetu, msalaba unaonekana, kati yake na sisi migomba iliyolala. Hapakuwa na mtu. Nikadhani anapumzika. Akainyoosha kanga yake, akapaza sauti kuelekea upande wa Domisiani, sauti ya mgeni mlangoni kwa watu.

"Hodi," alisema.

Tukasimama tukingoja mtu wa kutukaribisha.